Siku Liwali Alipopelekwa Kumbini

Juzi nilikuwa sokoni nanunua mchele. Muuzaji alipolifungua gunia la pembeni, harufu moja ikanipiga puani, nami nikacheka peke yangu mpaka yule kijana akaniuliza, "Mama, kuna nini?" Sikuweza kumweleza. Ilikuwa harufu ya mkojo wa paka dume, na meza ya jirani yake ilikuwa na iliki. Wenzangu wa rika langu, kila mtu ana harufu yake ya utotoni. Wengine ni udi wa mama yao, wengine ni mvua ya kwanza juu ya vumbi. Yangu mie ni hiyo: iliki na mkojo wa paka, vyote kwa pamoja.

Tulikaa Temeke, siku zile ambazo mihogo na mikorosho ilikuwa mingi kuliko nyumba. Baba alikuwa fundi cherehani, akishona kwenye baraza la duka la Mhindi mmoja. Mama alikaanga vitumbua. Kila alfajiri karai lilikuwa motoni, na watu wa kwenda kazini walipita mlangoni kwetu kabla hata jua halijatoka vizuri. Vitumbua vinataka mchele, na mchele unaita panya. Walitutafunia magunia, wakatutafunia hata kamba tulizofungia magunia. Ndipo Bibi, mama yake baba tuliyekuwa tukikaa naye, akaenda kumwamkia shoga yake siku moja akarudi na kipaka ndani ya kanga, cheupe, chenye mabaka ya rangi ya chai ya maziwa.

Bibi alimpa jina siku ile ile. Kile kipaka kiliwekwa chini sakafuni, kikatutazama mmoja mmoja, kisha kikatembea taratibu kifua mbele hadi kwenye sahani ya baba, kikachukua kipande cha samaki bila kuomba.

"Huyu ni Liwali," Bibi akasema. "Amekuja kukusanya kodi."

Basi akawa Liwali, kama yule mkubwa wa serikali. Kwa miezi kadhaa tulikula raha. Panya wakahama, mama akawa anamwekea Liwali kitumbua kilichoungua pembeni, nami nikapata mtu wa kulala naye miguuni.

Mwaka huo huo kaka yangu Shabani alitoka kumbini, kule jandoni. Aliondoka nyumbani mtoto, akarudi na kanzu mpya, kofia ya kufuma na maringo. Alichinjiwa kuku mzima. Wanawake walipiga vigelegele mpaka sauti zikawakauka. Na tangu siku hiyo Shabani alikataa kuteka maji. Mama akimpa ndoo, alisema, "Mie mwanamume sasa," na ndoo ikaja kwangu. Nilimwonea wivu na hasira kwa pamoja. Nilijua tu kwamba alikatwa mahali fulani na mtu aitwaye ngariba, na kwamba jambo hilo lilimgeuza mtu.

Kwa hiyo nilitega sikio niliposikia wakubwa wanazungumza habari ya kumkata Liwali.

Aliyeanza ni mama. Kwao aliwahi kuona paka dume wakiharibu ghala zima kwa mkojo wao, na hakutaka yamfike. Miongoni mwa wateja wake wa asubuhi alikuwemo Bwana Gervas, mtu wa bara, Mkristo, mfanyakazi wa idara ya mifugo, ambaye kila siku alipita na baiskeli, mabuti yake ya mpira yamefungwa nyuma. Alikuwa mrefu, mpole, na alizungumza Kiswahili cha polepole kana kwamba anakipima kwanza.

"Bwana Gervas," mama akamwuliza huku anageuza vitumbua, "huyu wetu akatwe lini?"

Bwana Gervas akainama, akamshika Liwali, akamtazama chini ya mkia, akamrudisha. "Bado mdogo, Mama Shabani. Ukimkata mapema mno, njia ya mkojo inakuwa nyembamba, atateseka. Asubiri mwili ukomae. Lakini usichelewe pia. Akishazoea mambo ya kidume, utamkata na tabia itabaki pale pale."

Mie nilikuwa nimekaa kwenye kibao cha mbuzi, nimeelewa kila neno. Njia ya mkojo, kukata, kukomaa, mambo ya kidume. Nani angehitaji kuelezwa zaidi? Liwali alikuwa anasubiri zamu yake ya kwenda kumbini, na Bwana Gervas alikuwa ngariba. Lililonishangaza ni moja tu, kwamba hata watu wa kanisani wana mangariba.

Basi tukasubiri. Liwali akakua, kichwa kikawa kipana, shingo ikanenepa, na siku moja mama akanusa nguzo ya mlango akasema, "Wakati umefika." Hapo ndipo Bibi alipokataa.

"Kiumbe wa Mungu huyo," alisema. "Mwacheni kwanza apate japo mtoto mmoja. Mtamkataje mtu hajaacha hata jina?"

Mama akamtazama baba. Kila mazungumzo hayo yalipoanza baba alikunja miguu, akavuta msuli wake, akakumbuka jambo la kufanya nje. Safari moja tu mama alimbana, naye akasema atamwuliza mwalimu wa chuo cha Kurani kama inafaa. Akaenda, akarudi, akasema mwalimu amejibu kwamba kama mnyama anadhuru watu, na mkifanya kwa huruma bila kumtesa, basi yeye hana la kuzuia. Mama akasema, "Umesikia?" Baba akajibu, "Nimesikia," akatoka nje.

Ukaingia mwezi wa Ramadhani. Bibi akasema huo si mwezi wa kumwaga damu ya mtu asiye na kosa. Mama mwenyewe hakubisha, kwa sababu ndio mwezi ambao kila nyumba ilitaka vitumbua vya kufuturu, stoo imejaa mchele, na paka mgonjwa asingemfaa. Ikapita Idi. Ikapangwa siku, na Liwali akatoweka. Alikaa huko alikokaa, mie nikilia na kuita kwenye mikorosho, mpaka akarudi amekonda, sikio limechanika na jeraha la usaha shavuni. Bwana Gervas akatikisa kichwa. "Mwenye kidonda hakatwi. Apone kwanza."

Mama alimwosha lile jeraha kwa maji ya chumvi kila jioni, huku anamsema. "Unakwenda kupigana kwa ajili ya nani? Huyo mwanamke hata jina lako halijui." Liwali alinguruma, lakini hakukimbia.

Sidhani kama mama angemchukia, lau si lile jambo la maulidi.

Mwanamke mmoja wa mtaa wa pili, mtu mwenye heshima zake, alikuwa na maulidi nyumbani kwake, akamwagiza mama vitumbua vya wageni wote. Ilikuwa mara ya kwanza mama kupata kazi kubwa namna ile. Aliloweka mchele, akauchuja, akauanika kwenye nyungo uani ukauke kidogo kabla ya kutwangwa. Nilikuwepo. Nilimwona Liwali amepona, amenona, akipita kati ya nyungo kama anakagua gwaride. Akasimama. Akageuza mgongo, akainua mkia, mkia ukatetemeka. Mie nilidhani anajinyoosha.

Mama akautwanga mchele ule, akatia tui, akatia iliki nyingi, akakaanga. Nyumba nzima ilinukia iliki hivi kwamba hakuna aliyesikia kingine. Akajifunga kanga mpya, akabeba sinia kichwani, mie nyuma yake na sinia dogo. Kule tukapokewa vizuri. Mwenye shughuli akachukua kitumbua cha kwanza, akauma. Akaacha kutafuna. Akameza kwa adabu, akakirudisha kile kilichobaki ukingoni mwa sinia, akamwinamia mama sikioni.

"Mwenzangu," alisema taratibu, "iliki yako ya leo imetoka wapi?"

Mama akaonja. Sijawahi kuona uso wa mtu ukibadilika vile. Aliomba radhi, akabeba sinia lake likiwa limejaa kama lilivyokuja, tukarudi nyumbani. Alipofika alikaa kwenye kibao mbele ya jiko lililozimika, akalia. Kesho yake watu wa asubuhi walipungua. Siku iliyofuata wakapungua zaidi. Mtaa wetu ulikuwa na masikio mengi.

"Basi," mama akasema mbele ya Bibi na baba, bila kupandisha sauti. "Ama akatwe Jumapili hii, ama atiwe gunia akaachwe ng'ambo ya Mtoni, asiijue njia ya kurudi. Chagueni nyie."

Bibi alitafuna tambuu yake kwa muda mrefu. Nje ya ua, paka jike wa jirani alikuwa amelala juani, tumbo limemjaa. Bibi akamtazama, akamtazama Liwali, akatema. "Jumapili haina neno," akasema.

Nilimfuata Bibi chumbani. "Bibi, ndiyo Liwali anapelekwa kumbini?"

Alinitazama, midomo ikamcheza. "Eeh, mjukuu wangu. Hasa."

Hapo nikajua la kufanya. Kaka Shabani alifanyiwa sherehe. Liwali naye asiende kama mwizi. Niliokota vipande vya kitambaa cha amerikani chini ya cherehani ya baba, nikakata kanzu. Baba aliponiona ninahangaika na sindano akaniuliza, "Ya mwanasesere?" Nikamjibu, "Ya Liwali." Akacheka, akaipitisha kwenye cherehani mwenyewe, akaitia na ukosi. Nikawaambia watoto wenzangu wote. Kila mmoja akaahidi kuja na kopo la kupiga.

Jumapili baada ya watu wa kanisa kurudi, mama alimtia Liwali kwenye tenga la kuku, amevaa kanzu yake. Jinsi alivyovalishwa nisiulizwe. Alama ninazo mkononi hadi leo. Baba alisema kichwa kinamwuma. Shabani, ambaye kwa haki ndiye angemsindikiza mwenzake, alisema ana shughuli. Basi mama akajitwika tenga, mie nikashika ncha ya kanga yake, tukatoka. Tulipofika kwenye mikorosho watoto walikuwa wamejaa nyuma yetu, makopo yanalia, na mie mbele naongoza wimbo nilioutunga mwenyewe: "Liwali huyoo! Leo anakatwa! Liwali huyoo! Leo anakatwa!"

Mama hakutuzuia. Nadhani alikuwa mbali kwa mawazo, kwani angetuzuia angejiokoa na aibu. Njia panda tukakutana na tarishi wa jumbe, mtu wa serikali, kofia yake nyekundu imemkaa sawasawa, akashuka kwenye baiskeli akainua mkono.

"Simameni! Nani mnasema anakatwa?"

Makopo yakanyamaza. Nikaona wenzangu wananitazama. "Shikamoo," nikasema. "Ni Liwali."

"Anakatwa nini?"

"Anatahiriwa. Alikuwa bado."

Yule mtu akatazama huku na huku. Ndipo mama alipozinduka, akalitua tenga haraka. Kwenye matundu lilionekana sikio moja lililochanika, na kipande cha ukosi. Kutoka ndani ikatoka sauti ndefu ya malalamiko. Tarishi akachungulia. Akauma mdomo wa chini, mabega yakaanza kumtikisika, lakini kazi ni kazi, akajikaza.

"Mama," alisema, "mpe paka jina jingine. Angalau mpaka mfike."

Akapanda baiskeli akaondoka, na kabla hajapotea tulimsikia anacheka peke yake. Tukaendelea na safari tukiimba, "Paka huyoo," lakini haikunoga sawa.

Bwana Gervas alitupokea uani kwake, bado amevaa suruali ya kanisani, tai ameivua. Akatazama lile kundi na makopo yake.

"Mama Shabani, hawa wote ni nani?"

"Wageni wake," mama akasema, na kwa mara ya kwanza tangu siku ya maulidi nikamwona anatabasamu.

Bwana Gervas akaleta buti moja la mpira, katika yale yale ya kazini. Akatuambia tugeuke. Wenzangu wakageuka. Mie nilichungulia kwenye kwapa la mama. Bwana Gervas aliivua ile kanzu, iliyobaki nusu, akaikunja vizuri na kuiweka kando, kisha akamwingiza Liwali kichwa mbele ndani ya buti mpaka vikabaki nje miguu ya nyuma na mkia. Buti likaanza kusema. Lilinguruma, likalaani. Mama alilishika kwa mikono miwili akilibembeleza kama mtoto mchanga. Kazi yenyewe ilikwisha kwa muda wa kumenya chungwa. Nilisikia harufu kali ya dawa, nikaona vidole vya Bwana Gervas vimekuwa vya rangi ya manjano, naye akasema, "Tayari. Hodari."

"Mama," nikasema, "piga kigelegele!"

"Nyamaza, mtoto."

"Kaka Shabani alipigiwa!"

Mama alinitazama, macho yake yamelowa. Akaangalia huku na huku kama anayetaka kuiba. Kisha, akiwa bado amekumbatia lile buti, akapiga kigelegele kimoja, kifupi. Watoto wakaitikia kwa makopo yote waliyonayo.

Nyumbani Liwali alijificha chini ya kitanda cha Bibi. Nilimpelekea samaki, hakutazama. Bibi alimwita, hakutoka. Baba alichungulia mlangoni, akaondoka upesi. Kabla ya magharibi mama akaingia, akakaa chini sakafuni, mgongo ukutani, kipande cha kitumbua mkononi. Hakujua kuwa nipo nyuma ya pazia.

"Nisamehe, baba," alimwambia Liwali. "Sikuwa na njia nyingine. Ningekutupa, ningelala vipi?"

Sikuwa nimewahi kumsikia mtu mzima anamwomba radhi aliye chini yake. Kwetu watoto ndio walioomba radhi. Nilikaa nikilitafakari hilo, na wakati nalitafakari Liwali akatokeza pua, kisha kichwa, akaja akakaa juu ya pindo la kanga ya mama. Hakula. Alikaa tu, naye mama hakuinuka mpaka giza lilipoingia na Bibi akaanza kuuliza habari ya taa.

Siku zilizofuata nilimwangalia sana. Nilingoja ageuke kuwa mwanamume kama kaka: aringe, akatae kutumwa, asilale chumba kimoja na wanawake. Badala yake akawa kinyume kabisa. Ile tabia ya kunyunyizia haikuisha siku moja, lakini ikapungua, ikakoma. Akaacha kuzurura. Akanenepa, akawa mpole, akapenda mapaja ya kila mtu. Panya aliwakamata bado, ila bila haraka. Wateja wakarudi kidogo kidogo, na paka jike wa jirani akazaa watoto weupe wenye mabaka ya rangi ya chai ya maziwa, Bibi akaenda kuwatazama akiwa amevaa kanga ya kutokea.

Jioni moja tulikuwa tunakula. Mama akamwambia Shabani akateke maji, Shabani akasema yale yale, kwamba yeye ni mwanamume. Mie nikaweka tonge langu chini.

"Baba," nikasema, "kaka arudishwe kumbini."

"Kwa nini?"

"Ngariba wake hakujua kazi. Apelekwe kwa Bwana Gervas, amkate vizuri, atulie kama Liwali."

Baba alikuwa na kikombe mdomoni. Chai ikamtoka puani. Shabani aliinuka akaacha sahani yake, mikono yote miwili mbele ya msuli. Mama akajifunika uso kwa kanga, na Bibi alicheka mpaka akaomba apigwe mgongoni.

Alipopata pumzi alinichukua nje, akaniketisha karibu yake. "Mjukuu wangu, nilikutania. Liwali hakutahiriwa. Amehasiwa."

"Kuhasiwa ni nini?"

Akanieleza kwa maneno machache yanayomfaa mtoto. Kwamba kuna kukata kwa kumfanya mtu awe mtu mzima, na kuna kukata kwa kumfanya mnyama asizae. Nilisikiliza mpaka mwisho. Halafu nikaangua kilio kilichowatoa wote ndani.

"Na kaka Shabani je?" nililia. "Na yeye hatazaa?"

Wote wakacheka. Nililia peke yangu katikati yao, nikiona mbele yangu kaka yangu anazeeka bila mtoto kwa sababu ya kanzu moja na kuku mmoja. Mwishowe Shabani mwenyewe, uso umemwiva kwa haya, akachuchumaa mbele yangu. Hakujua atazame wapi. "Acha kulia," alisema. "Mie sina neno. Wallahi sina neno." Lakini mie sikumwamini. Mtu mwenyewe atajuaje?

Miaka ikapita, Shabani akaoa. Siku mkewe aliporuhusiwa kutoka hospitali na mtoto wao wa kwanza, nyumba nzima ya mama ilikuwa imejaa watu wanaowasubiri. Hawakwenda huko kwanza. Walipita kwangu. Shabani alibisha hodi, akaingia na kile kifurushi, akaniwekea mapajani, akafunua shuka uso wa mtoto uonekane.

"Haya," akaniambia. "Sasa acha kulia."